Sanaa ya bahari pamoja na wachokoa pweza wa Msangamkuu: uanzie wapi

Swali: Mimi ni mchoraji, na pia ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Mtwara. Nimepata fedha kidogo za kutengeneza kazi kubwa ya sanaa kuhusu bahari, na ningependa niifanye pamoja na wavuvi na akina mama wanaochokoa pweza upande wa Msangamkuu, ng'ambo ya kivuko. Nimewaza samaki mkubwa wa ndala na chupa zinazookotwa ufukweni, asimame pale watu wanaposubiri kivuko. Nianzie wapi, nitumie vifaa gani, na nitajuaje kwamba kazi hii ni ya jamii kweli na si yangu niliyoipachika jina la jamii?

Jibu: Mwalimu, nitaanza na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu hiyo ndiyo inayoziamua nyingine zote. Kazi ya sanaa huwa ya jamii pale ambapo watu wengine mbali na msanii wana uwezo wa kuibadilisha, kuikataa au kuisimamisha, na wanajua kwamba wana uwezo huo. Ukivuka kwenda Msangamkuu na mchoro wa samaki mkononi, ukawaomba wavuvi wakuokotee ndala na akina mama wakusaidie kuzishona, utapata wasaidizi wenye moyo na huenda samaki akapendeza. Lakini kila jambo la maana litakuwa lilikwisha kuamuliwa mezani kwako. Kwa hiyo nakushauri mchoro huo uuweke kabatini kwa miezi michache ya mwanzo. Samaki anaweza kurudi baadaye, wenyewe wakimtaka.

Usiuone ushauri huu kuwa wa kukupunguzia usanii. Kati ya mwaka 1979 na 1980 msanii Mierle Laderman Ukeles aliwazungukia wafanyakazi wa usafi wa jiji la New York, wapatao 8,500, akampa mkono kila mmoja wao na kumshukuru kwa kuliweka jiji hai. Hakuacha sanamu wala ukuta uliochorwa. Kazi yake ilikuwa mkono ule na subira ya kuwafuata watu mahali walipo, kwenye saa zao za kazi, na leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa ya kijamii duniani. Kwetu nako njia hii si ngeni, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, ambako walichunguza matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji, na michezo na ngoma zilizotokana na uchunguzi huo zikachezwa na wanakijiji wenyewe mbele ya wenzao na kufuatiwa na mjadala. Nawe uliyepo Mtwara una mfano wa karibu zaidi, yaani sanamu za Kimakonde za mtindo wa ujamaa, ambamo watu wengi wamepandana na kushikana katika gogo moja la mpingo, kila uso ukiwa na sura yake. Waoneshe wanafunzi wako sanamu hizo kabla hujawaonesha picha yoyote kutoka ng'ambo.

Sasa, kuhusu pa kuanzia: anza na kalenda ya maji. Akina mama unaotaka kufanya nao kazi huenda mwambani siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3 na miamba hubaki wazi. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa zilezile ambazo sisi watu wa ofisini na shuleni hupenda kuitishia mikutano. Ukiitisha kikao chako saa nne ya siku ya bamvua, watakaokuja ni wale wasiokwenda baharini. Watazungumza kwa niaba ya waliokwenda, na wewe utavuka kurudi mjini ukiamini kwamba umeisikiliza jamii. Vikao vifanyike siku za maji mafu, wakati maji hayapwi sana. Mwaka nao una mpangilio wake: kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wengi wa Mtwara na Lindi wako kwenye korosho, mvua zetu za msimu mmoja huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na kusi linapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka vyombo vidogo haviendi mbali, hivyo wavuvi huwa na nafasi lakini hawana kipato, jambo linalokutaka uwe muwazi zaidi kuhusu malipo. Mwezi wa Ramadhani, mchana wa Ijumaa na misimu ya jando na unyago uviulizie mapema.

Ukishakubaliwa na serikali ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, ambacho wengi hukiita BMU, kaa na watu kwa muda bila kutengeneza chochote. Sikiliza kile wanachobishania. Uwe tayari kusikia kwamba plastiki si jambo la kwanza, hata kama ufukwe umejaa chupa. Taka za plastiki hutuvutia sisi wasanii kwa sababu zinaonekana, zina rangi, na kuzilaani hakumgombanishi mtu na jirani yake. Mambo yanayoiumiza pwani kwa kawaida ni yale yanayogombanisha: nyavu za macho madogo, kokoro linalozoa makinda, wavuvi wa dago wanaokuja kwa msimu na kuondoka, bei anayoipanga mnunuzi wa pweza, au mipaka ya eneo lililohifadhiwa. Huenda pia ukasikia habari za upepo. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliwatia hofu watu wa Mtwara kabla ya kuipiga Cabo Delgado huko Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliifikia pwani ya Mafia na Kilwa. Na huko Lindi wazee wanaikumbuka tufani ya Aprili 1952. Kazi ya sanaa iliyojengwa juu ya kumbukumbu kama hizo, kwa sauti za wazee wenyewe na kwa mashairi, inaweza kuwa na uzito kuliko sanamu yoyote.

Kwa kuwa umewataja wachokoa pweza, nitakaa hapo kidogo, maana ndipo ninapoona nafasi kubwa zaidi ya kazi yako. Pweza hukua haraka mno na huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, hujifungia pangoni kuyalinda mayai pasipo kula, na hufa yanapoanguliwa. Kwa sababu hiyo mwamba ukipumzishwa hata kwa miezi michache, pweza waliokuwa wadogo huongezeka uzito sana na majike hupata nafasi ya kutaga. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, walifunga sehemu ya miamba yao kwa utaratibu huo, vijiji jirani vikafuata, na desturi hiyo imeigwa pia katika baadhi ya vijiji vya mwambao wa Tanzania.

Kufunga mwamba ni uamuzi wa kijiji, BMU na maofisa uvuvi, na msanii asiende na uamuzi huo mfukoni. Lakini pale ambapo watu wamekwisha kuamua kufunga, au wanalifikiria jambo hilo, kuna mahitaji ambayo sanaa inaweza kuyatimiza vizuri kuliko barua na matangazo. Mpaka wa eneo lililofungwa lazima uonekane na mtu aliye kwenye ngalawa, pamoja na mgeni asiyesoma tangazo la kijiji; maboya yaliyopakwa rangi na alama ambazo kila kikundi cha wachokoaji kimejichagulia ni kazi ya sanaa inayoelea na inayofanya kazi yake kila siku. Vilevile kuna siku ya kuufungua mwamba, ambayo isipoandaliwa huwa ya vurugu, kwa kuwa wenye miguu mepesi na wenye vyombo huwatangulia wajane na wazee waliovumilia miezi yote ile. Namna ya kuingia mwambani siku hiyo, nani atangulie, wimbo gani upigwe, pweza wa kwanza wapimwe wapi na mbele ya nani, yote hayo ni mambo ambayo watu wenye ngoma na nyimbo zao wanajua kuyapanga. Akina mama wanaweza kuchagua jina la kanga la mwaka huo, likaandikwa kwa mkono juu ya vitambaa kama hakuna fedha za kuchapisha, na kila aliyekubali kusubiri akavaa. Kwangu mimi maboya hayo, jina hilo la kanga na utaratibu huo wa siku moja ni kazi moja ya sanaa, na tena kubwa.

Kuna jambo moja ninaloliogopa katika miradi ya namna hii, nalo ni ramani. Wasanii na watafiti hupenda kuwaketisha wavuvi wachore miamba yao na kuitaja majina, kisha ramani hiyo nzuri, iliyojaa elimu ya vizazi, huchorwa ukutani au kupigwa picha na kusambazwa kwenye simu. Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na elimu hiyo ndiyo mali yake. Mama anayelijua pango ambalo pweza hurudia, na mzee anayejua mkondo unaowaleta changu saa fulani ya maji, hawana hati wala uzio. Kinga yao pekee ni kwamba wengine hawajui. Ukiyaweka hayo hadharani pale kwenye kivuko umeligawa shamba la mtu kwa wapita njia. Basi waachie wenyewe waseme nini kitajwe na nini kibaki kwao. Inawezekana kutumia majina ya miamba bila kuonesha ilipo, kwa mfano yakasukwa katika mkeka wa ukili au yakaimbwa kwa mfuatano. Inawezekana pia wakaamua kwamba hata majina yasitoke, na hapo kazi itafute njia nyingine.

Uangalifu huo unahitajika mara mbili zaidi mkizungumzia uvuvi wa baruti. Madhara yake yanafahamika: mlipuko huua samaki wakubwa na makinda pamoja, na huyavunja matumbawe yakawa kifusi kinachosogezwa na mikondo, hivyo matumbawe machanga hukosa mahali imara pa kushika na mwamba unaweza kukaa miongo kadhaa bila kurudi hali yake. Hata hivyo aliyepiga bomu anaweza kuwa mpwa wa mtu aliyekaa kikaoni kwako, na aliyemtaja akabaki kuishi naye baada ya wewe kurudi mjini. Usimwombe mtu yeyote atoe ushuhuda wa kweli mbele ya hadhara au mbele ya kamera. Tumieni mchezo wa kuigiza wenye kijiji cha kubuni na majina ya kubuni, kwa njia aliyoieneza Augusto Boal wa Brazili, ambapo watazamaji huusimamisha mchezo, wakaingia jukwaani na kujaribu kuubadili mwenendo wa mhusika. Mtu atasema kwa kinywa cha mhusika yale ambayo hawezi kuyasema kwa kinywa chake, na wengine watamjibu bila kumnyooshea kidole. Kama unatafuta sababu moja tu ya kuipendelea michezo na ngoma kuliko sanamu, mimi ningekupa hiyo.

Nije kwenye vifaa. Kama hatimaye watu watataka samaki wa ndala na chupa, fahamuni kwamba plastiki iliyokaa juani hukauka, ikapasuka na kumeguka vipande vidogo sana, na vipande hivyo hupeperushwa na kurudi baharini vikiwa vibaya kuliko vilivyookotwa, kwa sababu sasa samaki wanaweza kuvimeza na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuviokota. Kamba za plastiki na nyavu kuukuu ndizo zinazomeguka upesi. Samaki wako basi awe chini ya kivuli au paa, awe na tarehe ya kushushwa, na awe na mahali plastiki hiyo itakapopelekwa baadaye. Msiyeyushe wala msichome plastiki juu ya moto wa kuni, hasa mabomba na vitu vigumu vya aina ya PVC, kwani moshi wake una sumu. Kateni, toboeni, shoneni na fungeni. Misumari na waya wa kawaida havidumu katika upepo wa chumvi, na sanamu iliyosimama kwenye waya uliooza ni hatari kwa watoto wanaosubiri kivuko. Fundi wa mashua atajua zaidi kuliko wewe na mimi namna ya kuunga vitu vinavyopambana na chumvi, na ningependa awe miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo na kulipwa hivyo.

Ndiyo maana, katika kazi za plastiki zilizofanywa pwani ya Afrika Mashariki, ninaipenda zaidi Flipflopi. Ni jahazi lenye urefu wa mita 9 hivi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa ya tani zipatazo 10 na kupambwa kwa ndala zipatazo 30,000, chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, likitia nanga njiani ili watu walione na kuzungumza. Nguvu yake inatokana na ufundi wa mafundi wa Lamu ambao ulikuwapo kabla ya mradi na uliongoza kila hatua. Plastiki ililazimika kuufuata ufundi huo. Kwa upande wa nyavu zilizotelekezwa, wasanii wa kisiwa cha Erub, katika mlango-bahari wa Torres huko Australia, wamezifuma kuwa kasa na papa kwa miaka mingi, na watu wa Msangamkuu wanaojua kushona nyavu hawatahitaji kufundishwa mshono wowote.

Kuna vifaa ambavyo ningekuomba usiviguse kabisa, hata kama mtu atakuletea kwa nia njema. Matumbawe, gamba la kasa na makombe makubwa yaache baharini. Biashara ya kimataifa ya matumbawe na kasa inadhibitiwa kwa mkataba ambao Tanzania imeuridhia, na jirani yenu kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kuchukua eneo la kilomita za mraba 650 hivi, yenye masharti yake kuhusu kuchukua kitu chochote. Miti ya mikoko nayo haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Na kama yeyote atapendekeza mzamishe sanamu chini ya maji, kama anavyofanya mchongaji Jason deCaires Taylor tangu alipoanza Grenada mwaka 2006, mweleze kwamba kazi zile hutengenezwa kwa saruji maalumu isiyobadili kemia ya maji na huwekwa kwa vibali na ushauri wa wanasayansi. Fedha kidogo hazitoshi kwa jambo hilo, na kitu kizito kilichowekwa vibaya huviringishwa na mawimbi juu ya mwamba ulio hai.

Kuhusu mahali, kivuko ni chaguo zuri kwa kuwa kila mtu hupita hapo, lakini ni eneo la kazi: utahitaji idhini ya halmashauri na ya TEMESA wanaoendesha vivuko vya serikali, na itakupasa uwaulize wachuuzi wanaouza hapo kama kazi yako itawazibia wateja. Wanafunzi wako washiriki kwa ridhaa ya wazazi, na wasiende mwambani bila mchokoaji mzoefu anayejua maji yanaanza kurudi saa ngapi.

Linabaki suala la fedha na umiliki, ambalo nakusihi ulimalize kabla rangi ya kwanza haijafunguliwa. Siku ya mchokoa pweza aliyekaa kushona kwako ni siku ya kipato; ilipe kwa kiwango kinachojulikana na wote, na usiichanganye na posho ya kikao. Andikeni makubaliano kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti mbele ya wote, yaseme majina ya nani yataandikwa kwenye kazi, nani anaweza kuipiga picha na kuitumia wapi, na mapato yakipatikana yagawanywe vipi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waliotengeneza kazi kwa pamoja, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inaweza kuisajili kazi kwa majina yenu wote. Yaseme pia kwamba kikundi kinaweza kuiondoa kazi wakati wowote kikiona haifai. Mwisho, tenga sehemu ya fedha ulizopata, kabla hujanunua kifaa chochote, kwa ajili ya kuitengeneza kazi inapoharibika na kuishusha muda wake utakapofika, na fedha hizo zikae mikononi mwa mweka hazina wa kikundi, upande wa Msangamkuu.